Nkrumah na bwawa la Akosombo: Umeme wa Ghana, masharti ya wakopeshaji

Januari 22, 1966, Rais Kwame Nkrumah wa Ghana alizindua bwawa la Akosombo kwenye Mto Volta. Februari 24, akiwa safarini China, jeshi likampindua. Hakurudi tena Ghana akiwa hai.

Bwawa lipo hadi leo na bado linafua umeme. Lakini pesa zake zilipatikanaje, na kwa masharti gani?

Kutoka gerezani hadi ikulu

Nkrumah alizaliwa mwaka 1909 kijijini Nkroful, nchi ikiitwa Gold Coast. Mwaka 1935 alikwenda kusoma Marekani, akipiga vibarua ili apate ada na chakula. Alirudi 1947, na 1949 akaanzisha chama cha CPP.

Waingereza wakamfunga. Mwaka 1951 chama chake kikashinda uchaguzi yeye akiwa bado ndani, ikabidi wamtoe aongoze serikali. Machi 6, 1957, Ghana ikawa huru.

Nani atalipa?

Wazo la bwawa halikuwa lake. Wakoloni walilizungumzia tangu 1915, wakiwaza kutumia umeme wa Volta kutengeneza alumini kutokana na boksiti ya Ghana. Mwaka 1956 mradi mzima ulikadiriwa kugharimu pauni milioni 231, na wenye pesa wakarudi nyuma.

Nkrumah hakukubali. Kwake, bila umeme hakuna viwanda, na bila viwanda Ghana ingebaki kuuza kakao tu.

Mwaka 1958 alimfuata Rais Eisenhower mjini Washington. Kampuni ya Kaiser ya Marekani ikapitia upya michoro na kuhamishia bwawa Akosombo ili kupunguza gharama. Ghana ikakubali kubeba nusu ya gharama za bwawa, takriban pauni milioni 35. Nusu nyingine ilikuwa mkopo kutoka Benki ya Dunia, Marekani na Uingereza.

Rais Kennedy alisita, kwani Washington ilimwona Nkrumah anaegemea Moscow. Desemba 1961 akaridhia.

Mteja mmoja, bei ya chee

Wakopeshaji walitaka kwanza apatikane mteja mkubwa wa uhakika, ndipo deni lilipike. Mteja huyo alikuwa VALCO, kiwanda cha alumini cha Tema, mali ya Kaiser na kampuni nyingine ya Marekani, Reynolds.

Hapo ndipo mnunuzi alipopata nguvu kuliko muuzaji. Mkataba wa miaka 30 ulimpa umeme kwa bei iliyokuwa miongoni mwa za chini kabisa duniani. Tena kiwanda kikawa kinaagiza malighafi nje badala ya kutumia boksiti ya Ghana, ile ile iliyozaa wazo la bwawa.

Ziwa lililojaa nyuma ya bwawa lilimeza vijiji zaidi ya 700. Watu wapatao 80,000 walihamishwa, na wengi wao walikaa miaka mingi bila umeme huo kuwafikia.

Mzigo unaelemea

Akosombo haikuwa peke yake. Serikali ilikopa kwa miradi mingine mingi, na mwaka 1965 bei ya kakao ikaporomoka. Bidhaa zikaadimika madukani. Wakati huo Nkrumah alikuwa ameshaifanya Ghana nchi ya chama kimoja, na wapinzani walifungwa bila kesi. Alipopinduliwa, wengi Accra walishangilia barabarani.

Alihifadhiwa Guinea na Rais Sékou Touré. Alifariki Bucharest, Romania, Aprili 27, 1972.

Mkataba wa VALCO uliendelea bila yeye. Ni mwaka 1985 tu, chini ya Jerry Rawlings, ndipo Ghana ilipofanikiwa kukaa mezani upya na kupata bei nzuri zaidi kwa umeme wake. Nkrumah alikuwa kaburini kwa miaka 13.