Mwalimu Nyerere na Korosho za Masasi na Newala

Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akawa Rais hadi mwaka 1985. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Serikali yake ilijenga viwanda vya kubangua korosho, vikiwemo vya Masasi na Newala, ili kupunguza korosho ghafi zilizopelekwa India. Msimu wa 1973/74 uzalishaji nchini ulifikia takriban tani 145,000. Hata hivyo, Operesheni Vijiji iliwaweka wakulima wengi mbali na mikorosho yao. Mashamba yakageuka vichaka, na viwanda vikakosa malighafi. Mwalimu alifariki dunia London, Oktoba 14, 1999. Fundisho lililobaki ni kwamba uhai wa kiwanda huanzia kwa mkulima aliye karibu na shamba lake.