Bombardier na Gari la Theluji

Katika somo lililopita tulijifunza kwamba vitu viwili vigusanapo, na kimoja kikasogea juu ya kingine, hutokea msuguano. Leo tutasoma habari za fundi aliyeshindana na msuguano kwa muda mrefu wa maisha yake.

Joseph-Armand Bombardier alizaliwa tarehe 16 Aprili, 1907, huko Valcourt, katika jimbo la Quebec, nchini Kanada. Majira ya baridi ya huko ni marefu na makali. Theluji, kama ile ionekanayo kileleni mwa Mlima Kilimanjaro, huanguka kutoka mawinguni na kufunika mashamba na barabara. Siku zile barabara za vijijini hazikusafishwa wakati wa baridi. Wenye motokaa waliziacha bandani mpaka theluji iyeyuke. Watu walisafiri kwa sleji, yaani magari yasiyo na magurudumu, yaliyokokotwa na farasi.

Tangu utoto Armand alipenda mitambo. Alitengeneza vyombo vya kuchezea kwa vipande vya saa mbovu. Baadaye baba yake alimpa injini ya motokaa kuukuu. Armand aliifunga juu ya sleji, na nyuma yake akatia rafadha ya mbao, iliyo kama feni kubwa. Mwishoni mwa Desemba, 1922, akiwa na umri wa miaka 15, aliendesha chombo hicho pamoja na ndugu yake Léopold. Chombo kilikwenda! Lakini rafadha ilizunguka bila kifuniko, nayo ingeweza kumkata mtu. Baba yao aliamuru chombo kivunjwe. Armand alitii, ila hakuliacha wazo lake.

Mwaka 1926, baada ya kujifunza ufundi, alifungua gereji yake mwenyewe huko Valcourt. Wakati wa joto alitengeneza magari ya watu. Wakati wa baridi alifanya majaribio yake.

Je, kwa nini motokaa ya kawaida haiwezi kupita katika theluji nyingi? Sababu ni mbili. Kwanza, gurudumu hugusa chini mahali padogo tu. Uzito wote wa gari hukalia mahali hapo, na gurudumu huzama. Gari lililozama hulazimika kusukuma theluji iliyo mbele yake, na nguvu nyingi za injini hupotea bure. Pili, theluji ni telezi. Gurudumu huzunguka pale pale, kwa sababu msuguano baina yake na theluji ni mdogo mno.

Bombardier aliona kwamba mkanda mrefu na mpana, kama ule wa katapila, ungetandaza uzito mahali pakubwa, na gari lisingezama. Lakini minyororo ya chuma ilikuwa mizito. Theluji ilishikamana baina ya meno ya magurudumu ya kuizungusha, ikawa barafu. Injini ilitumia nguvu zake kuuzungusha mnyororo wenyewe, na gari likakosa nguvu za kwenda mbele. Alijaribu, akashindwa, akajaribu tena.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1934, Yvon, mtoto wake wa kiume mwenye umri wa miaka miwili, alishikwa na maumivu makali ya tumbo. Alikuwa na ugonjwa wa kidole tumbo, naye alihitaji kupasuliwa upesi. Hospitali ilikuwa mbali, katika mji wa Sherbrooke, na theluji ilikuwa imeziba njia. Ndani ya gereji ya baba yake lilikuwamo gari la theluji ambalo halijakamilika. Yvon alifariki dunia.

Huzuni ya Bombardier ilikuwa kubwa, lakini alirudi kazini. Mwaka 1935 alipata njia. Gurudumu lenye meno la kuzungusha mkanda alilivika mpira. Mkanda nao aliutengeneza kwa mpira uliotiwa nguvu kwa pamba, akauwekea vyuma vya kukingama. Mpira hupindika, kwa hiyo barafu haikushikamana nao kwa urahisi. Tena mkanda huo ulikuwa mwepesi kuliko mnyororo wa chuma. Uzito wa gari ulibebwa na magurudumu yaliyobingirika ndani ya mkanda. Kitu kinachobingirika hupata ukinzani mdogo kuliko kitu kinachoburutwa.

Hapa ndipo penye siri ya kazi yake. Baina ya mkanda na theluji alitaka msuguano mwingi, ili gari lisiteleze. Ndani ya mtambo alitaka msuguano mdogo, ili nguvu zisipotee. Hata leo fundi wa magari hayo hukumbuka jambo hilo. Akiukaza mkanda kupita kiasi, huzunguka kwa shida. Akiulegeza mno, huruka meno ya gurudumu.

Mwaka 1937 Bombardier alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake. Gari lake lilichukua watu saba. Baadaye alitengeneza lililochukua watu 12. Magari hayo yalitumiwa kupeleka waganga kwa wagonjwa, barua vijijini, na watoto shuleni. Mwaka 1959 alitoa gari dogo jepesi, liitwalo Ski-Doo, lenye mkanda mmoja mpana wa mpira.

Bombardier alifariki tarehe 18 Februari, 1964, akiwa na umri wa miaka 56. Gereji yake ya kwanza imehifadhiwa katika makumbusho huko Valcourt.

Jaribio

Tia mawe katika sanduku dogo. Funga ukanda wa mpira kwenye sanduku, ulivute polepole juu ya meza. Pima urefu wa mpira unapovutika. Sasa panga penseli sita za mviringo chini ya sanduku, ulivute tena. Pima mpira mara ya pili.

Maswali

1. Mpira ulivutika zaidi lini? Kwa nini?
2. Kwa nini mkanda mpana hauzami kama gurudumu?
3. Taja mahali ambapo Bombardier alihitaji msuguano, na mahali ambapo hakuuhitaji.
4. Gari likikwama katika tope, watu huweka matawi chini ya magurudumu. Eleza sababu.