Nabongo Mumia: Mfalme aliyegeuzwa daraja la kodi

JINA la Nabongo Mumia halikosi kutajwa kila historia ya magharibi mwa Kenya inaposimuliwa. Wengi humkumbuka kama mfalme wa Wanga aliyewakaribisha Waingereza. Ni wachache wanaokumbuka kwamba utawala wake ulikuwa daraja lililopitisha kodi kutoka vijijini hadi katika hazina ya wakoloni.

Mumia, mwanawe Nabongo Shiundu, alirithi kiti mwaka wa 1882. Makao yake, yaliyokuja kuitwa Mumias, yalikuwa kituo cha misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani waliotafuta pembe za ndovu. Katika miaka ya 1890 Waingereza nao wakaweka kituo chao hapo.

Matumizi ya serikali yao yalizidi mapato. Reli ya kutoka Mombasa, iliyofika Kisumu mwaka wa 1901, ilimeza zaidi ya pauni milioni 5, na London ililazimika kutoa ruzuku kila mwaka ili kuziba pengo la bajeti. Ili mzigo huo upungue, Waafrika walitozwa kodi ya nyumba, iliyopanda hadi rupia 3 kwa kila nyumba. Asiyekuwa na rupia hizo alilazimika kutafuta kazi ya ujira, mara nyingi katika mashamba ya walowezi.

Mwaka wa 1909 Mumia alifanywa chifu mkuu, na jamaa zake wakawekwa kuwa machifu wa jamii jirani. Kwa Wabukusu na Wamarama, kodi ikawa na sura ya Mwanga, ingawa fedha zenyewe ziliishia Nairobi. Chuki iliyozuka ilimwandama Mumia, ilhali si yeye aliyepanga matumizi ya fedha hizo.

Makao makuu ya wilaya yalihamishiwa Kakamega mwaka wa 1920, naye Mumia akastaafishwa mwaka wa 1926. Wakati huo mabaraza ya wenyeji yalikuwa yameanza kutoza ada zao na kuzitumia papo hapo kwa shule na barabara. Shule ya serikali iliyofunguliwa Kakamega mwaka wa 1932 ilikuwa miongoni mwa matunda ya juhudi hizo. Hatimaye mlipakodi aliweza kuona kwa macho yake jasho lake lilikokwenda.

Mumia alifariki mwaka wa 1949. Kaunti ya Kakamega, iliyoanza kazi mwaka wa 2013, imerithi swali lililomtesa: anayetozwa atanufaika na nini?