Unga Ulioyeyuka Mara Mbili

Ukifika Chimala, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Mbeya, utawaona wafanyabiashara wakipima mchele wa Usangu. Baadhi yao hutumia mizani yenye kioo kidogo cha kijivu, na katika kioo hicho hujitokeza tarakimu nyeusi. Mchele ukiongezwa, tarakimu hubadilika mara moja. Je, wajua ndani ya kioo kile mna nini? Habari zake zaanza na mtu aliyekuwa akichunguza karoti.

Mtu huyo ni Friedrich Reinitzer. Alizaliwa mwaka 1857 katika mji wa Prague, ambao wakati huo ulikuwa chini ya dola ya Austria. Alikuwa mtaalamu wa mimea na kemia. Alitaka kujua kama kitu fulani kilichomo katika karoti ni sawa na kolesteroli, ambayo hupatikana katika miili ya wanyama. Katika kazi hiyo alitengeneza unga mweupe kutokana na kolesteroli, akaupasha moto.

Wewe wajua kwamba barafu safi huyeyuka kwa kiwango kimoja tu cha joto, nacho ni nyuzi 0 za Sentigredi. Unga wa Reinitzer haukufuata kanuni hiyo. Ulipofikia nyuzi 145.5 uliyeyuka, lakini ukawa kimiminika chenye ukungu, mfano wa maji yaliyooshewa mchele. Kwa nyuzi 178.5 ukungu ukatoweka ghafla, kimiminika kikawa kiangavu. Alipokiacha kipoe, rangi ya buluu na zambarau ikatokea kwa muda mfupi, kisha ukungu ukarudi.

Mtu mwingine angesema unga una uchafu, akautupa. Reinitzer hakuutupa. Lakini aliona kwamba jambo hilo limepita elimu yake, maana yeye alijua zaidi mambo ya mimea. Hivyo, mwezi Machi 1888, alimpelekea barua na unga wake Otto Lehmann, mtaalamu wa fizikia huko Ujerumani, aliyekuwa na hadubini yenye kifaa cha kupashia moto. Mwaka 1889 Lehmann alitangaza kwamba kuna fuwele zinazotiririka.

Fuwele, kama zile za chumvi, huwa na chembe zilizopangwa kwa taratibu. Katika maji, chembe hukaa ovyo. Sasa fikiri mabua mengi ya mpunga yakielea katika mfereji: yote yanakwenda na maji, lakini yote yameelekea upande mmoja. Chembe ndefu za kimiminika kile zilikuwa hivyo.

Wataalamu kadhaa walikataa. Walishikilia kwamba ukungu ule ni mchanganyiko tu wa vitu viwili, na ubishi ukaendelea miaka mingi. Lehmann naye alipata sifa hata watu wakaanza kumsahau aliyempelekea unga. Mwaka 1908 Reinitzer aliandika makala kueleza sehemu yake katika ugunduzi huo, na kwa maoni yetu alikuwa na haki. Alifariki mwaka 1927 katika mji wa Graz, bila kuona faida ya kazi yake.

Faida hiyo ilianza kuonekana mwaka 1968, wahandisi wa Marekani walipoonyesha vioo vya kwanza vya tarakimu vyenye fuwele za kimiminika. Umeme mdogo sana huzigeuza chembe zile. Mbele na nyuma ya kioo cha mizani pamebandikwa karatasi laini zinazochuja nuru. Chembe zikigeuka, nuru huzuiwa, na mahali pale huonekana peusi. Umeme ukikatwa, chembe hurudi zilivyokuwa.

Utakapopata nafasi, omba ruhusa uitazame mizani ya namna hiyo kutoka mbele, kisha kutoka upande mmoja na mwingine. Utaona tarakimu zikififia au zikibadilika weusi wake kadiri unavyosogea. Mizani yenye tarakimu nyekundu zinazowaka haitafaa kwa zoezi hili, kwa kuwa hizo ni taa ndogo tu.