Hans Nielsen Hauge (1771–1824): Mkulima na Mfanyabiashara Aliyelihubiri Neno

Katika kurasa za kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka mia moja ya usharika wetu, msomaji amekwisha kukutana na habari za wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa waliotutangulia. Imeonekana vema kuongeza habari za mtu mmoja ambaye hakuwahi kufika katika nchi yetu, wala hakuwa mchungaji, lakini ambaye maisha yake yaliacha alama kubwa katika Kanisa la Kilutheri. Mtu huyo ni Hans Nielsen Hauge wa Norwe.

Hauge alizaliwa tarehe 3 Aprili 1771 katika shamba la wazazi wake huko Tune, kusini-mashariki mwa Norwe. Wakati huo nchi hiyo ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark, na Kanisa la Kilutheri lilikuwa kanisa la dola. Wazazi wake walikuwa wakulima wenye uchaji. Elimu yake ilikuwa ndogo, ile ya kijijini, lakini mikono yake ilijua kazi nyingi: alilima, aliseremala, alifua chuma na kufuga nyuki.

Tarehe 5 Aprili 1796, akiwa na umri wa miaka 25, alikuwa akilima shambani kwa baba yake huku akiimba wimbo wa kiroho. Hapo ndipo alipoguswa na Mungu kwa namna ambayo hakuisahau maisha yake yote. Alisadiki kwamba ameitwa kuwaonya na kuwafariji watu wa nchi yake. Mwaka huo huo alichapisha kitabu chake cha kwanza, akaanza kushuhudia, kwanza nyumbani na kwa jirani, kisha mbali.

Kati ya mwaka 1797 na 1804 alizunguka karibu Norwe yote, sehemu kubwa kwa miguu. Inakadiriwa kwamba alisafiri kilometa 15,000 hivi. Inasimuliwa kwamba hata alipokuwa akitembea alifuma soksi na mifuko ya mikono, kwa kuwa hakutaka kula jasho la mwingine. Watu walikusanyika majumbani, wakasoma Neno na kuomba pamoja.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Amri ya mfalme ya mwaka 1741 ilikataza walei kutangatanga wakihubiri, na mikutano ya ibada majumbani ilitakiwa iwe chini ya uangalizi wa mchungaji wa mahali. Jumuiya zetu zinazokutana kila juma zifikirie jambo hilo: kile ambacho kwetu ni uhai wa usharika, kwa Hauge kilikuwa kosa. Alikamatwa mara kwa mara, na mara nyingine alishtakiwa kama mzururaji.

Hata hivyo Hauge hakuwa mzururaji. Mwaka 1801 alipata leseni ya mfanyabiashara katika mji wa Bergen, akafanya biashara katika pwani ya magharibi na kaskazini. Aliwahimiza rafiki zake kuanzisha viwanda vidogo, kikiwamo kiwanda cha karatasi huko Eiker, ili wasio na kazi wapate riziki. Kwake faida haikuwa ya kujilimbikizia. Mali ilikuwa amana ya Mungu, na mwenye nayo ni wakili atakayetoa hesabu.

Mwaka 1804 alikamatwa tena, na safari hii kifungo kikawa kirefu. Mali yake ilitwaliwa, vitabu vyake vikazuiwa. Shauri lake lilichukua miaka kumi. Lakini mwaka 1809, manowari za Uingereza zilipoifunga bahari na watu wakakosa chumvi ya kuhifadhia samaki, serikali ile ile iliyomfunga ilimtoa kwa muda akajenge mitambo ya kuchemshia maji ya bahari. Akaijenga, kisha akarudi kifungoni. Wala haikusikika kwamba aliitumia nafasi hiyo kutoroka.

Mwaka 1813 alihukumiwa miaka miwili ya kazi ngumu kwa kuivunja amri ya mwaka 1741 na kuwatukana viongozi wa kanisa. Mwishoni mwa mwaka 1814, baada ya rufaa, adhabu hiyo ilibadilishwa kuwa faini. Afya yake ilikuwa imekwisha kuharibika. Mwaka 1815 alioa, na kabla mwaka haujaisha mkewe akafariki, akimwachia mtoto wa kiume, Andreas. Alioa tena mwaka 1817, akaishi katika shamba la Bredtvet karibu na mji mkuu, na huko akafariki tarehe 29 Machi 1824.

Katika waliotunga Katiba ya Norwe huko Eidsvoll mwaka 1814 walikuwamo wafuasi wake watatu. Mwaka 1842 ile amri ya 1741 ilifutwa, na mwaka huo huo, rafiki wa uamsho huo wakiwa miongoni mwa waanzilishi, ilianzishwa huko Stavanger Jumuiya ya Misioni ya Norwe, iliyopeleka wamisionari kwa Wazulu na Madagaska. Tena Andreas, mwana wa mtu aliyeshtakiwa kwa kuwatukana wachungaji, alikua akawa mchungaji.

Mimi niandikaye haya ni mchungaji, nami siwezi kuisoma habari hii bila kujihoji. Waliomshtaki Hauge hawakuwa wapagani. Wengi walikuwa watumishi wa Neno, wenye elimu na joho kama langu, walioogopa kwamba kanisa lingevurugika. Pengine hofu yao haikukosa msingi wote, kwa kuwa kijana yule alikuwa na maneno makali. Lakini yeye, aliyekuwa na kila sababu ya kujitenga na kuanzisha kanisa lake, aliwaasa rafiki zake wakae ndani ya kanisa, wahudhurie ibada na kushiriki Meza ya Bwana. Aliyefungwa ndiye aliyeulinda umoja.

Wazee wetu wengi waliolipanda Neno huku kwetu walikuwa wakulima kama yeye: asubuhi jembe, jioni Biblia. Tunapoingia katika karne ya pili ya usharika wetu, Bwana atupe macho ya kuwatambua watu wa namna hiyo wangali hai kati yetu, na unyenyekevu wa kuwasikiliza. Kwake Mungu uwe utukufu.