Conan Doyle: Daktari aliyevuka mlima wa theluji na mafundi wa Davos

KABLA ya mapambazuko ya Machi 23, 1894, wanaume watatu waliondoka katika mji wa Davos, mashariki mwa Uswisi, wakiwa na mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji. Wawili walikuwa ndugu, Tobias na Johann Branger, mafundi wa matandiko ya farasi mjini hapo. Wa tatu alikuwa mgeni kutoka Uingereza, Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes.

Walikusudia kuvuka Maienfelder Furka, njia ya mlimani yenye kimo cha zaidi ya mita 2,400, hadi mji wa Arosa ulio upande wa pili. Siku hizi, theluji ya majira ya machipuko inapoanza kutulia, safari za namna hiyo huwavutia watalii wengi katika milima ya Alpi. Wakati ule wenyeji wengi waliziona mbao hizo kuwa kichekesho. Hata akina Branger, walipokuwa wakijifunza, walifanya mazoezi gizani ili kuepuka kuchekwa.

Doyle hakuwa amekwenda Davos kustarehe. Alizaliwa Edinburgh, Scotland, Mei 22, 1859, akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha mji huo mwaka 1881. Kabla hata ya kuhitimu alikuwa ameshasafiri na meli ya kuwinda nyangumi hadi bahari za kaskazini. Mwaka 1885 alimwoa Louisa Hawkins, na mwaka 1887 Holmes akatokea katika riwaya yake ya kwanza. Fedha na sifa vilipoanza kuja, mwaka 1893 Louisa aligundulika kuwa na kifua kikuu.

Hapo ndipo palipokuwa na uchungu wa pekee. Mume alikuwa daktari, na ugonjwa ulikuwa umekwisha kujichimbia. Makadirio ya waganga yalikuwa ni miezi michache tu. Dawa ya kuua vijidudu vya ugonjwa huo haikuwapo. Kilichoaminiwa ni hewa kavu ya milimani, mapumziko na chakula kizuri. Davos ilikuwa imejaa wagonjwa wa namna hiyo. Desemba mwaka huohuo wasomaji wa gazeti la The Strand walisoma jinsi Holmes alivyoangamia katika maporomoko ya maji ya Reichenbach, nchini Uswisi kwenyewe. Wengi walimlaumu mwandishi. Lakini mtu mwenye mke anayekohoa chumba cha pili pengine huwa na misiba mingine ya kufikiria.

Mbao zenyewe, kwa maelezo yake, zilikuwa za urefu wa futi nane na upana wa inchi nne, zimepinda mbele, na mguu ulishikwa kwa mikanda katikati. Alianguka mara nyingi alipokuwa akijifunza, wala hakuona haya kuyaandika hayo baadaye.

Kuondoka gizani kulikuwa na sababu. Mwezi Machi theluji hugandishwa na baridi ya usiku ikawa ngumu. Jua likishapanda hulainika, na kwenye miteremko mikali huweza kuporomoka na kufukia watu. Kwa hiyo walipanda mapema, wakikata pembe huku na huku hadi wakafika juu. Katika mteremko mmoja mkali walizivua mbao na kuzifunga pamoja ili wazikalie kama chombo cha kuteremkia. Za Doyle zilimponyoka, zikatangulia bila mwenyewe, naye akashuka kwa makalio. Suruali yake ya sufu nzito, ambayo fundi wake alimhakikishia kuwa haichakai, ilipata jaribio lisilosahaulika.

Walifika Arosa kabla ya adhuhuri, mapema kuliko walivyotarajiwa. Hotelini, Tobias ndiye aliyeandika daftari la wageni. Mahali pa kazi ya Doyle hakuandika daktari wala mwandishi, bali mwanamichezo. Inasemekana Doyle aliifurahia heshima hiyo.

Wapo wanaodai kuwa ndiye aliyeuleta mchezo huo Uswisi. Hilo si kweli. Ndugu Branger walikwisha kuivuka njia hiyohiyo mwaka 1893, na Christof Iselin wa Glarus alivuka njia ya Pragel Januari ya mwaka huo. Alichofanya Doyle ni kuieleza safari hiyo katika The Strand, Desemba 1894, na kutabiri kuwa siku moja Waingereza kwa mamia wangekwenda Uswisi kwa ajili ya mchezo huo. Utabiri ulitimia hata kupita kiasi.

Louisa naye aliwashinda waliokadiria miezi. Mumewe alimpeleka Misri, kisha akamjengea nyumba Hindhead, kusini mwa Uingereza, kwa sababu ya hewa yake. Aliishi hadi Julai 4, 1906. Lakini tangu 1897 Doyle alikuwa amempenda Jean Leckie, na alimwoa mwaka 1907. Waandishi wa maisha yake hawajaacha kubishana juu ya miaka hiyo kumi.

Utata huo unaonekana pia katika siasa zake. Mwaka 1900 aliwatibu wagonjwa wa homa ya matumbo huko Bloemfontein, kisha akaandika kuvitetea vita vya Uingereza Afrika Kusini. Mwaka 1902 akapewa cheo cha Sir. Hata hivyo, mwaka 1909 alitoa kitabu kikali kuhusu ukatili wa utawala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji nchini Kongo, ambako wananchi waliuawa na kukatwa mikono kwa ajili ya mpira. Dhuluma ya jirani aliiona vizuri zaidi kuliko ya kwao.

Mwanawe Kingsley, aliyezaliwa na Louisa, alifariki mwaka 1918. Miaka ya mwisho Doyle aliitumia kuhubiri kwamba wafu huweza kuzungumza na walio hai, na kwa shughuli hiyo alizuru Afrika Kusini, Rhodesia na Kenya mwaka 1928 na 1929. Alifariki Julai 7, 1930 nyumbani kwake Crowborough, akazikwa bustanini. Mwaka 1955 mabaki yake na ya Jean yalihamishiwa katika uwanja wa kanisa la kijiji cha Minstead.