Walter Kaaden: Mhandisi ambaye siri zake ziliwapa wengine ubingwa

MHANDISI wa Kijerumani Walter Kaaden, aliyefariki dunia Machi 1996, hakupata kuona pikipiki yake ikitwaa ubingwa wa dunia. Hata hivyo, kwa miaka mingi pikipiki za mbio zenye injini ya mipigo miwili, zile zinazochanganyiwa oili na petroli, zilitamba kwa maarifa yaliyotoka mikononi mwake.

Alizaliwa mwaka 1919 katika jimbo la Saxony. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alifanya kazi katika kampuni ya Henschel iliyounda mabomu ya kuongozwa, na mwaka 1953 akakabidhiwa idara ya mbio ya kiwanda cha Zschopau, Ujerumani Mashariki, kilichokuja kujulikana kama MZ. Fedha zilikuwa haba.

Fundi anayetaka nguvu zaidi huweza kubadili krenki ili pistoni isafiri masafa marefu zaidi, na injini ikaongezeka ukubwa. Kwa Kaaden mlango huo ulifungwa na kanuni za mbio: sentimita za ujazo 125, basi. Silinda yake ilikuwa na kipenyo cha milimita 54, na pistoni ilisafiri milimita 54 hizo hizo.

Akageukia bomba la moshi. Wazo la bomba lililotanuka katikati halikuwa lake. Erich Wolf wa DKW alimtangulia. Kaaden ndiye aliyelifanya kuwa elimu, akipima jinsi wimbi la hewa linavyorudi na kuisukuma ndani ya silinda petroli iliyokwisha kutoroka. Mwaka 1961 injini hiyo ndogo ilitoa nguvu za farasi 25, sawa na 200 kwa kila lita.

Mwaka huo huo dereva wake, Ernst Degner, alikaribia kuwa bingwa. Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanza kujengwa Agosti. Septemba, familia ya Degner ilivushwa mpaka ikiwa imefichwa ndani ya buti la gari, naye injini ikamharibikia katika mbio za Sweden, akatoroka. Taji likaenda kwa Tom Phillis wa Honda.

Degner alihamia Suzuki ya Japani na siri zote. Mwaka 1962 akawa bingwa wa daraja la sentimita za ujazo 50.

Kaaden alibaki Zschopau, akiendelea kuunda injini.